Kulisha Injini kwa Namba

Wanangu, kabla ya kufungua kompyuta, fungueni boneti. Nalisema mapema kwa sababu nawajua. Mwaja kwangu hapa Likoni, mwanisalimia kwa adabu, mwanywa chai yangu ya tangawizi, na kikombe hakijapoa mmoja wenu ameshatoa simu anionyeshe jedwali la mafuta la gari lake. "Bi Mwanaisha, hapa tuweke ngapi?" Kana kwamba namba za injini ni dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Sijui muweke ngapi. Anayejua ni injini yenyewe, na kazi yangu miaka yote ile ilikuwa kuiuliza kwa upole na kungoja jibu.

Kwa wale ambao hawajaliona, jedwali lenyewe halitishi. Ni vijumba vilivyopangwa kama madirisha ya ghorofa. Ukienda kulia, injini yazunguka kwa kasi zaidi. Ukipanda juu, mzigo waongezeka, yaani dereva amekanyaga zaidi au gari lapanda mlima. Ndani ya kila kijumba mna namba moja inayoiambia nozeli ifunguke kwa muda gani kumwaga petroli. Ikimwaga nyingi, injini imeshiba kupita kiasi: moshi mweusi, plagi chafu, tangi halikai na kitu. Ikimwaga kidogo, injini ina njaa, na injini yenye njaa inayobeba mzigo hupata moto mpaka pistoni ikatoboka. Shibe hukutia hasara, njaa huua. Ndivyo tulivyosema gerejini kwetu Changamwe, na mpaka leo sijapata maneno mengine yaliyo bora.

Mimi sikuingia gerejini kwa ajili ya injini. Niliajiriwa miaka ya themanini kuandika risiti, kwa kuwa nilikuwa nimesomea kupiga chapa. Meza yangu ilikuwa chumba cha mbele, na ukuta ulionitenga na mafundi ulikuwa wa mabati, kwa hivyo nilisikia kila kitu, matusi yao na injini zao. Baada ya muda nikawa najua, nimeketi pale pale, gari lipi linaumwa. Siku moja nikatoka, kalamu sikioni, nikamwambia fundi mkuu, Fundi Kombo, "Silinda moja hapo haichomi."

Alikuwa ameinama ndani ya pikapu. Akainuka, akaniangalia kuanzia viatu hadi mtandio.

"Ya ngapi?"

"Hiyo sijui."

"Basi njoo tuitafute."

Akanipa kitambaa kikavu nisipigwe na umeme, akanionyesha kuvua waya za plagi moja moja injini ikiwa yanguruma. Ukivua waya na sauti ikabadilika, silinda hiyo ilikuwa yafanya kazi. Ukivua na sauti isibadilike, umempata mgonjwa. Ilikuwa ya tatu. Tangu siku ile nilikuwa nikimaliza risiti zangu naenda nyuma. Mamangu aliponiona na ovaroli alishika kichwa. "Utaolewa na nani, na mikono hiyo?" Niliolewa, alhamdulillahi, na mwalimu wa shule asiyejua hata kubadilisha gurudumu, na hatukupata kugombana juu ya nani ashike jeki.

Fundi Kombo alikuwa mtu wa Magogoni, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Kabureta alizijua kwa pua. Alisimama nyuma ya gari, akanusa moshi, akarudi mbele, akageuza parafujo robo mzunguko. Gari likatulia kama mtoto aliyenyonya. Wengi walidhani ana dawa. Mimi nilimwuliza anusaje, naye akanifundisha bila kuficha. Moshi wenye shibe hukutia machozi na una harufu ya petroli mbichi. Wenye njaa ni mkavu, wawasha pua kama pilipili iliyokaangwa. Jaribuni siku moja. Msinuse sana.

Basi miaka ya tisini ikaingia. Mwenye gereji alikuwa amefariki na mwanawe, Nasoro, akashika kazi. Nasoro alikulia mle gerejini. Spana ya kwanza alishikishwa na Fundi Kombo, na tangu utotoni alimwita Ami, kama ndugu wa babake. Alikuwa na wazimu mmoja tu, mashindano ya magari. Akakusanya pesa mpaka akaagiza injini yenye turbo, na pamoja nayo kisanduku kidogo cha chuma, kompyuta ya injini ambayo unaipangia mwenyewe jedwali la mafuta. Kabureta hakuna.

Fundi Kombo alikizunguka kile kisanduku mara mbili. "Parafujo yake iko wapi?" Akaambiwa hakina parafujo. "Basi nikitaka kumwongeza mafuta nimwambieje?"

Mhandisi aliyekuja kutoka Nairobi kutufungia aliitwa Bwana Mutuku, mtu mpole, shati lake jeupe tukamharibia siku ya kwanza. Akauliza, "Hapa nani anajua kutumia kompyuta?" Mafundi wakaangalia viatu vyao. Nasoro akaninyooshea kidole. "Huyu anajua kupiga chapa." Wallahi, hivyo ndivyo nilivyopata utaalamu.

Bwana Mutuku alinifundisha kurekodi. Unaunganisha kompyuta ya kupakata kwa waya kwenye kisanduku, unaketi kando ya dereva, unaiweka mapajani juu ya mto. Gari likienda, kompyuta yaandika yenyewe, mara kadhaa kila sekunde: kasi ya injini, mzigo, nozeli imefunguka muda gani, joto la maji, na namba ya sensa iliyo kwenye bomba la moshi. Sensa hiyo yanusa moshi kama Fundi Kombo, ila jibu lake ni namba iliyo kati ya sifuri na moja. Karibu na moja ni shibe, karibu na sifuri ni njaa. Kwenye mzigo mkubwa twataka ikae juu, pembeni mwa tisini kwa mia, na isitikisike.

"Madam, usisome gari likienda," alinionya. "We shika kompyuta isianguke. Kusoma ni baadaye, chini ya kivuli."

Sikumsikiliza. Nilisoma gari likienda, Nasoro akakata kona, nikatapika ndani ya kofia ya Bwana Mutuku, aliyeketi nyuma yetu. Alikuwa muungwana. Alisema ilikuwa kofia ya zamani.

Kabla hajaondoka alinipa amri ambazo nawapa na ninyi. Badilisha kitu kimoja tu, kisha rudi barabarani. Usiguse kijumba ambacho gari halijakipitia mara kadhaa. Na kama namba imekushangaza, ishuku sensa kabla hujaishuku injini. Hii ya mwisho niliiandika moyoni, lakini nilikuwa sijaielewa mpaka iliponicheka.

Ilinicheka hivi. Petroli yetu siku hizo ilitiwa madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa sensa. Huifunika polepole kama kutu mpaka pua yake ikaziba. Mimi sikujua. Wiki chache baada ya Bwana Mutuku kuondoka, rekodi zikaanza kuniambia injini ina njaa. Nikaongeza mafuta. Njaa bado. Nikaongeza tena. Nasoro akawa apita Changamwe na wingu jeusi nyuma yake, watu wakiziba pua, na kompyuta yangu yasema masikini huyu hajala.

Fundi Kombo hakubishana nami. Alifungua plagi zote nne akazipanga juu ya meza yangu ya risiti, juu ya karatasi safi. Zilikuwa nyeusi ti kama tako la sufuria.

"Huyu ndiye mwenye njaa?" akaniuliza.

"Sensa yasema hivyo, Fundi."

"Na plagi yasema nini?"

Nikaona. Plagi iliyolishwa vizuri huwa na rangi ya mandazi yaliyoiva. Hizi zilikuwa makaa. Nikapiga simu Nairobi, na Bwana Mutuku akacheka, kisha akaomba radhi kwa kusahau kuniambia. Tangu hapo tukawa na utaratibu. Sensa twaifunga siku ya kurekodi tu, na kazi ikiisha twaitoa, tunaziba tundu kwa bolti. Na baada ya kila safari twafungua plagi. Namba zangu na plagi za Fundi Kombo zikipatana, twaendelea. Zisipopatana, twaketi. Yule mzee aliyeuliza parafujo iko wapi akawa ndiye wa kwanza kunijia asubuhi: "Leo twaenda kurekodi?" Alipenda mistari. Nilikuwa nikimchorea kwenye karatasi jinsi namba ilivyopanda na kushuka, naye akiweka kidole juu yake akisema, "Hapa alibadili gia. Hapa aliogopa."

Sasa niwaeleze lile lililotuumiza.

Mwaka mmoja ile injini ilifunguliwa ifanyiwe ukarabati mkubwa. Vipuri vilichelewa kuja, na gari likakaa nyuma ya gereji, tupu mbele, masika yote. Majani yakaota mpaka milangoni. Vipuri vilipokuja, Fundi Kombo aliiunga injini kwa mikono yake, taratibu, akipima kila pistoni. Tukarekodi safari fupi fupi, mambo yakawa mazuri, plagi rangi ya mandazi. Siku iliyofuata mwanangu akashikwa na homa nikabaki nyumbani. Nasoro akatoka peke yake, bila kompyuta, akalikanyaga gari kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Likarudi likivutwa kwa kamba. Pistoni mbili zilikuwa na matundu ya kupitisha kidole.

Hakukuwa na rekodi. Kulikuwa na injini iliyokufa na watu wawili walioigusa, fundi na mimi.

Nilikwenda kwa Nasoro nikamwambia, "Bwana Nasoro, huenda ni namba zangu. Huko juu kwenye jedwali hatujafika sana."

Akatikisa kichwa. "Namba zako niliziona. Kompyuta haikosei. Hizi ni pistoni zilizobanwa kupita kiasi wakati wa kuunga." Akamgeukia Fundi Kombo, mbele ya mafundi wote, na akafanya jambo ambalo sikupata kulisikia tangu niingie pale. Alimwita jina lake kavu. "Kombo, macho yako yamechoka. Nenda ukapumzike."

Fundi Kombo hakujitetea. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliiangalia mikono yake, akaipangusa, akatundika ovaroli msumarini, akatoka. Nilimfuata hadi langoni.

"Fundi, huyu amekasirika tu. Kesho..."

"Mwanaisha," akanikatiza, "na kama ni kweli?"

Na mimi nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo juu yangu. Wiki zile nilikuwa nikipika nasimama na mwiko, nawaza vijumba vya juu. Kama ni mimi, nimemfukuzisha mwalimu wangu. Kama ni yeye, basi nimeona mwisho wa mtu niliyedhani hana mwisho. Sikupendelea jibu lolote kati ya hayo mawili. Nilikwenda Magogoni mara moja kumjulia hali. Mkewe, Bi Saumu, akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mzee hali vizuri, na kwamba jana alimkuta akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, mara kwa mara, ajipime macho.

Nasoro akapata injini nyingine, iliyotumika lakini nzima, ikafungwa na mafundi vijana. Mashindano yalikuwa yakaribia. Hakukuwa na ya tatu. Hiyo nayo ikitoboka, ndiyo mwisho wa gari na wa mambo mengi. Tukaomba ruhusa ya kutumia barabara ya ndani ya shamba moja la mkonge lililoachwa, huko mbele ya Kisauni, ndefu, iliyonyooka, haina mtu ila nyani. Asubuhi nikafunga sensa mpya kabisa, niliyoitoa kwenye kiboksi mwenyewe. Nikajifunga mkanda. Mto, kompyuta, bismillahi.

Safari fupi za gia ya pili na ya tatu zikawa safi. Tukasimama, nikasoma, nikarekebisha kijumba kimoja, tukarudia. Kisha Nasoro akasema, "Sasa ndefu."

Akakanyaga mpaka mwisho. Mikonge ikawa ukuta wa kijani pande zote mbili. Na mimi, niliyekatazwa kusoma gari likienda, siku ile niliweka macho kwenye namba ya sensa peke yake sikuyaondoa. Themanini na nane. Themanini na saba. Themanini na nane. Imetulia vizuri. Halafu, bila gari kubadilisha chochote, ikaanza kushuka. Sabini. Hamsini na tano.

"Ondoa mguu!"

Hakusikia. Injini ilikuwa yalia.

Arobaini.

Nikampiga gotini kwa ngumi. "Nasoro! Ondoa mguu!"

Akaondoa. Gari likapungua mwendo mpaka likasimama, vumbi likatupita likaenda mbele yetu. Sikuwa nimewahi kumpiga mwajiri wangu, wala kumwita bila Bwana.

"Sensa imekufa tena," akasema.

"Ni mpya. Nimeifunga leo."

"Basi ongeza mafuta kwenye vijumba vya juu, turudie. Jua lapanda."

Wanangu, wengi wenu mngeongeza. Namba imesema njaa, mtu aongeza chakula, kuna kosa gani? Nami kidole changu kilikuwa tayari juu ya kibonye. Lakini nilimkumbuka Fundi Kombo na plagi zake juu ya karatasi yangu, nikasema, "Ngoja." Nikarudisha rekodi nyuma mpaka mwanzo wa ile safari ndefu, nikasoma mstari kwa mstari.

Gari lilikuwa limekaa kwenye kijumba kimoja karibu muda wote. Kasi ni ile ile. Mzigo ni ule ule. Nozeli imefunguka muda ule ule, haikuongezeka wala kupungua. Mwanzo wa safari kijumba kile kilitoa shibe. Mwishoni kijumba kile kile kilitoa njaa.

"Hebu tazama," nikamwambia Nasoro, nikamgeuzia kioo. "Kijumba kimoja, majibu mawili. Jedwali halikubadilika. Ningekuwa nimeandika namba mbaya, ingekuwa mbaya tangu mwanzo."

Akaisoma mistari. "Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nozeli yafunguka, lakini petroli haifiki. Nikiiambia ifunguke zaidi, itafungua mlango ambao hakuna mgeni."

"Pampu ni mpya. Chujio ni jipya."

"Najua."

Akashuka, akipiga gurudumu teke. Akazunguka nyuma aone petroli imebaki kiasi gani. Akazungusha kifuniko cha tangi, na hapo tukasikia wote wawili.

Fyuuuuu.

Sauti ndefu, ya hewa kuingia ndani, kama mtu aliyepiga mbizi akaibuka akavuta pumzi. Nasoro akabaki na kifuniko mkononi. Nilishuka kompyuta ikiwa kifuani, nikaenda kusimama naye.

Mnajua chupa ya maji ukiinyonya kwa mdomo bila kuingiza hewa? Hunywea, na maji hukataa kutoka. Tangi ni hivyo hivyo. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, na kwa hiyo kuna kibomba kidogo cha kupumulia, kinashuka nyuma ya gurudumu. Tukalegeza kifuniko, tukarudia ile safari ndefu. Themanini na nane kutoka mwanzo hadi mwisho wa mikonge. Tukakaza kifuniko, ikaanguka. Tukalegeza, ikasimama. Nasoro hakungoja tena. Akalala chali mchangani na nguo zake nzuri, akakitafuta kile kibomba, akakichomeka waya. Kikatoka kidongo cha kijivu, kigumu, kimevunjika vipande viwili. Ndani mlikuwa na vijibuibui vikavu.

Nyigu. Nyigu wa udongo, yule ajengaye kwenye matundu ya kufuli na mabomba, ambaye kila nyumba ya pwani yamjua. Gari lilipolala masika yote kwenye majani, alipata mahali pa kulelea wanawe, akawawekea buibui wa kula, akaziba mlango. Udongo wake ulipitisha hewa kidogo, ya kutosha kwenda sokoni na safari zangu fupi. Haikutosha mtu akikanyaga mpaka mwisho kwenye barabara ndefu. Na ile injini ya kwanza ilikufa wapi? Kwenye barabara ndefu.

Nasoro aliketi mchangani, kile kidongo kiganjani.

"Si Ami," akasema. Halafu akasema tena, kama mtu anayehesabu upya. "Si Ami Kombo."

"Si yeye," nikasema. "Wala si mimi."

Nikaketi na mimi, pale pale, nikalia. Msidhani ni huzuni. Kuna mzigo ambao huujui uzito wake mpaka utuliwe. Nyani walikuwa wamesimama barabarani wakituangalia, watu wazima wawili wachafu, mmoja alia, mwingine amekumbatia udongo.

Mtaniuliza mashindano yaliishaje. Hatukushinda. Tulimaliza katikati, na gari likarudi nyumbani kwa magurudumu yake, injini nzima. Kwangu yatosha, na kikombe alichobeba mwingine nimesahau hata alikuwa nani. Ile siku ninayoikumbuka ni hii ya mikonge, alasiri yake, kwa sababu Nasoro hakukubali hata kupita gerejini kunawa. Tulikwenda Magogoni moja kwa moja.

Fundi Kombo alikuwa barazani, redio mbele yake, hakuiwasha. Alipotuona tunavyofanana na vumbi akainuka nusu.

"Imetoboka?"

"Shikamoo, Ami," Nasoro akasema.

Mzee akaketi tena. "Marahaba."

Nasoro hakuketi kwenye kiti. Aliketi sakafuni, miguuni pake, akafungua kiganja. "Ami, hiki ndicho kilichoua injini yako. Kilikuwa kwenye kibomba cha tangi. Si mikono yako. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na nitakuomba radhi mbele ya watu wale wale. Lakini leo nimekuja kukuomba hapa kwanza."

Fundi Kombo akakichukua kile kidongo. Akakigeuza. Akakinusa, maana yeye hakuweza kushika kitu bila kukinusa. Akaniangalia mimi. "Mwanaisha, rekodi yasemaje?"

Nikafungua kompyuta, betri ikiwa yakaribia kuisha, nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya mstari, akaufuata pale ulipokuwa sawa, akaufuata ulipoanguka. Midomo yake ikawa yaenda bila sauti. Kisha nikamchezea ile rekodi ya kifuniko kilicholegezwa, mstari ukanyooka mpaka mwisho.

"Pumzi," akasema. "Alikuwa akikosa pumzi."

"Naam, Fundi."

"Na pistoni zangu?"

"Zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa tangu mwanzo."

Akaiweka mikono yake miwili juu ya magoti, akaitazama mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukiombea msamaha. "Alhamdulillahi," akasema. "Mizima." Halafu akamshika Nasoro kichwani, akakitikisa kile kichwa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyopasa. "Mpumbavu wewe. Nimekusamehe. Umenitia uzee wa miaka kumi."

Kile kicheko chake kikarudi, kile cha kusikika hadi barabarani.

Bi Saumu alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Hakutoka kwanza. Alipiga kigelegele humo humo ndani, kimoja kirefu, halafu kingine, halafu akashindwa kujizuia akaja nacho mpaka barazani, upawa mkononi. Milango ikafunguka. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja mbio wakijifunga kanga, mmoja na mtoto mgongoni, wakiuliza kwa furaha ni nani anayeolewa, na mbona hawakuambiwa.

Fundi Kombo akainua kile kidongo kiganjani wakione.

"Hakuna harusi," akawaambia, machozi yakimtiririka. "Ni nyigu!"